Mwili wa mtoto nao ufundishwe

Katika kata ya Samuye, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Wilaya ya Shinyanga, mtoto huanza kubeba uzito kabla hajajua kushika kalamu sawasawa. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 za maji, na kichwa kinachoibeba mara nyingi ni cha msichana ambaye mwenyewe pengine hajafikisha kilo 40. Msimu wa kilimo ukianza, jembe halimuulizi mtu umri wake. Huko Mwakitolyo, ndani ya wilaya hiyo hiyo, na kuendelea hadi Kahama na Geita, yapo maduara, yaani mashimo, ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2013 kuhusu machimbo madogo ya dhahabu nchini, lilieleza jinsi watoto walivyokutwa wakichimba, wakibeba mifuko ya mawe na kuyaponda. Mtoto huyo huyo akifika shuleni, zoezi la viungo analolijua zaidi huenda likawa ni la adhabu: kichurachura kwa aliyechelewa, pushapu kwa aliyepiga kelele darasani. Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Mwili wa mtoto wa Shinyanga haujakosa kazi, umekosa mafunzo. Na katika vyombo vinavyoweza kuziba pengo hilo, kimojawapo kinachofaa kuliko tunavyodhani ni pete ya sarakasi.

Pete hiyo wengi wetu tumeiona kwenye televisheni tu. Ni duara la bomba la chuma, upana wake ukikaribia mita moja, linaloning'inizwa kwa kamba au mikanda kutoka juu. Msanii huikalia, huning'inia kwa mikono au kwa mkunjo wa magoti, hulaza nyonga juu yake na kujinyoosha hewani, huku pete ikizunguka taratibu. Kwa kuwa huonyeshwa ikiwa juu sana, chini ya taa kali, tumeizoea kama chombo cha watu wa ajabu. Lakini pete hiyo ikishushwa mpaka usawa wa kifua cha mtoto, hugeuka kuwa kifaa cha kufundishia. Miguu ya mwanafunzi inabaki chini, na yeye ndiye anayeamua ni sehemu gani ya uzito wake aiachie mikono na ni sehemu gani iendelee kubebwa na miguu. Leo anaweza kuipa mikono robo ya uzito wake, mwezi ujao nusu, muhula ujao wote. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya pete na ndoo. Uzito wa ndoo hupangwa na mahitaji ya nyumba: maji yanayotakiwa jikoni ni yale yale, mbebaji awe tayari au asiwe tayari. Uzito kwenye pete hupangwa na uwezo wa anayejifunza, na hupanda kadiri uwezo unavyopanda.

Ufundishaji wake una mpangilio ambao mwalimu makini hauruki. Kwanza ni mshiko, vidole vikiizunguka pete na dole gumba likifunga kutoka upande wa pili. Pili ni kuning'inia huku mabega yakiwa yanafanya kazi, maana yake yamevutwa chini, mbali na masikio, ili uzito ubebwe na misuli ya mgongo badala ya kuachiwa mishipa na viungo vya bega. Tatu ni kukunja magoti kuelekea kifuani bila kurusha miguu, zoezi linaloamsha misuli ya tumbo. Asiyeweza kujivuta juu haambiwi ajaribu mpaka achoke. Huanza akiwa amesimama, akaikamata pete mikono ikiwa imekunjwa, kisha akajishusha polepole. Msuli una uwezo mkubwa zaidi wa kuzuia uzito unaoshuka kuliko wa kuuinua, kwa hiyo anayeshindwa kupanda anaweza kuanza kujenga nguvu kwa kushuka. Baada ya hayo huja kukaa ndani ya pete, kisha kuning'inia kwa mkunjo wa magoti huku mwalimu ameshikilia miguu. Kila hatua hufanywa kulia na kushoto, na kila hatua ina njia yake ya kushukia, ambayo hufundishwa kabla ya njia ya kupandia. Mtoto asiyejua kushuka hana ruhusa ya kupanda. Kanuni hiyo peke yake ina elimu ndani yake, hasa katika ukanda ambako vijana wengi huingia kwenye shimo la dhahabu bila kuulizwa watatokaje.

Kusawazisha mwili nako kuna elimu yake. Mtu husimama asianguke kwa msaada wa taarifa zinazotoka sehemu tatu: macho, chombo kilichomo ndani ya sikio kinachohisi mwelekeo wa kichwa, na hisia za misuli na viungo zinazoueleza ubongo kila sehemu ya mwili iko wapi. Katika maisha ya kawaida tunategemea sana macho na ardhi iliyotulia. Mwanafunzi anapolaza nyonga juu ya pete na kuacha miguu na kifua vielee pande mbili, ardhi haipo tena, na kichwa kikiinama, taarifa ya sikio hubadilika. Inabidi mwili utafute mahali ambapo uzito wa mbele na wa nyuma unalingana. Kosa la sentimita chache hujionyesha papo hapo, kwa sababu kichwa huzama au miguu hushuka. Mwanafunzi hahitaji alama nyekundu ya mwalimu ili ajue amekosea, na marekebisho hayachukui wiki. Anasogeza nyonga kidogo, anakaza tumbo, anajaribu tena. Ni masomo machache shuleni yanayompa mtoto jibu la haraka namna hiyo bila kumfedhehesha.

Msingi wa kitaalamu wa jambo hili haujengwi juu ya pete yenyewe, na ni vizuri kulisema hilo waziwazi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya wastani au makali kila siku, na katika wiki kuwe na angalau siku tatu zenye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Sehemu ya pili ya pendekezo hilo ndiyo tunayoisahau. Ile hofu kwamba mazoezi ya nguvu hudumaza mtoto imejibiwa pia: chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, kinaeleza kuwa mazoezi ya nguvu yenye mbinu sahihi na usimamizi ni salama kwa watoto na hayaharibu ukuaji wao. Sharti hilo la mbinu na usimamizi ndilo kiini. Pete ni njia moja ya kulitimiza. Bomba la kuning'inia lililofungwa kwenye nguzo mbili linaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo, na mazoezi ya sakafuni yanaweza kufanya sehemu nyingine. Ninachodai ni kwamba pete inaunganisha nguvu, mizani na utaratibu katika kitu kimoja ambacho mtoto atakifurahia na kukirudia kwa hiari, na zoezi lisilorudiwa halijengi msuli wowote.

Angalia sasa tunachokifanya shuleni. Michezo yetu imesukwa kuzunguka mashindano. UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari zimeibua wachezaji wengi, na hakuna mwenye akili timamu atakayetaka zifutwe. Lakini mashindano kwa asili yake huchagua. Timu ya mpira wa miguu inahitaji wachezaji 11 uwanjani, netiboli inahitaji 7, na mbio zinahitaji wenye kasi. Waliobaki wanapewa kazi ya kushangilia. Aidha, michezo mingi tunayoipa uzito hutumia zaidi miguu na pumzi. Sehemu ya juu ya mwili, mgongo na mabega, hupata mafunzo machache. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeipa sanaa na michezo nafasi katika elimu ya msingi. Mlango umefunguliwa kwenye karatasi. Swali ni nini kitakachopita mlangoni hapo: mpira mmoja kwa wanafunzi mia, au kitu kinachomfundisha kila mtoto, akiwemo yule ambaye hatachaguliwa kamwe kwenda kuiwakilisha kata?

Tanzania haianzi kutoka sifuri. Katika miaka ya 1960 serikali ilipeleka vijana China kujifunza sarakasi kwa miaka kadhaa, na waliporejea kikaundwa kikundi cha sarakasi cha taifa mwaka 1969. Vikundi vya taifa vilipovunjwa, kazi ya mafunzo ikahamia Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 tunakijua kwa jina la TaSUBa. Katika miaka iliyofuata, vikundi kama Muungano Cultural Troupe vilichanganya ngoma, maigizo, taarabu na sarakasi katika kumbi za Dar es Salaam. Kwa majirani zetu wa Nairobi, Sarakasi Trust ilianzishwa mwaka 2001 na kuigeuza sinema ya zamani ya Shan, eneo la Ngara, kuwa ukumbi wa mazoezi na maonyesho. Na mwanzoni mwa mwaka 2024, Watanzania wawili wanaojulikana kama Ramadhani Brothers walishinda shindano la America's Got Talent: Fantasy League kwa sarakasi ya mizani, mmoja akisimama kwa kichwa juu ya kichwa cha mwenzake. Nchi nzima ilishangilia, na ilistahili kushangilia.

Hata hivyo, namna tulivyoshangilia ilionyesha tatizo. Tulisema wana kipaji. Neno hilo ni zuri kwa pongezi na baya kwa sera, kwa sababu kipaji kikishatajwa hakuna anayeulizwa kuhusu walimu, godoro wala ratiba. Wale vijana waliopelekwa China hawakurudi na sarakasi kwa sababu damu yao ilibadilika. Walirudi nayo kwa sababu walifundishwa kila siku kwa miaka, na watu waliojua hatua ya kwanza ni ipi na ya kumi ni ipi. Kwa zaidi ya nusu karne ujuzi huo umebaki kwenye jukwaa, na jukwaa liko pwani. Kutoka Samuye hadi Bagamoyo ni mwendo wa karibu kilomita elfu moja. Mtoto wa huku akiona sarakasi, ataiona kwenye simu ya mtu, na akijaribu kuiga, ataiga kwenye tawi la mwembe huku ardhi ngumu ikiwa chini. Tukiendelea kuiita kipaji, ndivyo itakavyoendelea kujifunzwa: kwa kuiga, kwa kuanguka, na kwa wachache waliobahatika kutoumia.

Pingamizi la kwanza nitakalosikia ni kwamba watoto wa kijijini tayari wana nguvu, na kuwapa mazoezi ni kuwaongezea mzigo. Lina ukweli ndani yake. Mtoto aliyelima asubuhi na kutembea umbali mrefu hadi shuleni hahitaji mwalimu wa kumchosha zaidi, na siku za palizi ratiba ya mazoezi inapaswa kupungua. Lakini nguvu ya kazi na nguvu ya mafunzo hazifanani. Kazi hurudia mwendo mmoja: kuinama na jembe, kubeba kichwani, kusukuma mbele. Shamba halimtaki mtu aning'inie na kujivuta juu, wala asimamie mizani akiwa kichwa chini. Kazi humbebesha mtoto hata akiwa mgonjwa, na haimfundishi kuutambua uchovu, humfundisha kuuficha. Somo la pete linakwenda kinyume. Mwalimu humtaka mwanafunzi aseme anapochoka, kwa sababu mkono uliochoka hufunguka wenyewe. Mtoto anayejifunza kusema "nimechoka, nashuka" mbele ya mtu mzima bila kuadhibiwa amejifunza jambo ambalo litamfaa shambani, machimboni na hata nyumbani.

La pili ni hatari, na hili ndilo zito kuliko yote. Mtu akianguka kutoka kwenye pete anaweza kuvunjika shingo. Siwezi kulipunguza hilo kwa maneno matamu. Ninachoweza kusema ni kwamba hatari hiyo ina vyanzo vinavyojulikana, na vyanzo vikijulikana vinaweza kuzuiwa. Cha kwanza ni mahali pa kufungia. Kenchi za darasa zimejengwa kubeba bati na upepo, hazikujengwa kubeba mtu anayebembea. Hesabu yake ni rahisi: mtoto wa kilo 40 aliyetulia huvuta kamba kwa uzito wa kilo 40, lakini akibembea kutoka mahali ambapo kamba imelala sawa na ardhi, anapopita chini kabisa kamba hubeba mara tatu ya uzito wake, yaani kilo 120. Mshtuko wa kudondoka ghafla kwenye kamba iliyolegea unaweza kuzidi hapo. Ndiyo maana mafundi wa sarakasi duniani hutumia vifaa vyenye uwezo wa kubeba mara nyingi zaidi ya uzito unaotarajiwa, na kipimo kinachotumika sana ni mara kumi. Kwa hiyo pete ya shule ifungwe kwenye fremu ya chuma inayojitegemea, iliyosanifiwa na mhandisi na kukaguliwa, yenye miguu mipana au iliyosimikwa kwenye zege. Isifungwe kwenye mti, kwenye kenchi wala kwenye goli la mpira, ambalo lenyewe linaweza kupinduka. Fundi wa kuchomelea wa Shinyanga mjini anaweza kuijenga fremu hiyo vizuri, lakini haitoshi aseme "hii ni ngumu, bosi". Ijaribiwe kwa uzito wa mifuko ya mchanga kabla ya mtoto yeyote kuigusa.

Chanzo cha pili ni kimo, na cha tatu ni kutokuwepo kwa msimamizi. Kwa mwaka wote wa kwanza pete isipande juu ya kifua cha mwanafunzi. Chini yake liwepo godoro nene la mazoezi, si la kulalia, na asiwepo mtu anayepita karibu. Mwalimu akague mikanda, vyuma vya kuunganishia na pete yenyewe kabla ya kila kipindi, aandike kwenye daftari na kutia saini. Kipindi kikiisha, pete ishushwe na kufungiwa stoo, kwa kuwa pete iliyoachwa ikining'inia ni mwaliko kwa watoto wa jioni. Shule isiyoweza kutimiza masharti haya isianze. Nasema hivyo nikijua kwamba shule nyingi leo haziwezi, na ndiyo maana sipendekezi pete igawiwe kila shule kama vile zinavyogawiwa jezi wakati wa uchaguzi.

Pingamizi la tatu linahusu wasichana, mavazi na heshima. Wazazi wengi wa huku, Wakristo kwa Waislamu, hawatafurahi kumwona binti yao akiwa kichwa chini mbele ya watu katika nguo za kubana. Hawana sababu ya kubezwa. Jibu zuri ni kwamba mavazi ya stara yanafaa zaidi kwa kazi yenyewe: chuma huchubua ngozi nyuma ya magoti na kwenye mbavu, na suruali ndefu ya mazoezi pamoja na fulana iliyochomekwa humkinga mwanafunzi. Mapambo ya jukwaani ni ya jukwaani. Suala la mguso ni gumu zaidi, kwa sababu mwalimu hana budi kumshika mwanafunzi ili asianguke. Historia ya sarakasi ya vijana katika ukanda wetu ina onyo: mwishoni mwa miaka ya 1990, wasanii vijana wa sarakasi ya Ethiopia walitoa tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya mwasisi wa kikundi chao. Somo hili lisifundishwe na mtu mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Wawepo watu wazima wawili, mmoja wao awe mwanamke. Kipindi kifanyike mahali pa wazi. Mwalimu aeleze atashika wapi kabla hajashika, na mwanafunzi awe na haki ya kukataa. Wazazi waalikwe kutazama siku yoyote bila taarifa.

Kuwaacha wasichana nje kwa kisingizio cha kuwalinda kungekuwa kosa kubwa kuliko kutoanza kabisa. Mkoa wa Shinyanga ulitajwa katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 kuwa unaongoza nchini kwa ndoa za utotoni, kwa asilimia 59. Sidai kwamba pete ya chuma itazuia mahari kupokelewa. Sheria, kipato na shule za karibu vina kazi kubwa zaidi hapo. Ninachodai ni kidogo, nacho kina uzito wake. Msichana husikia mwili wake ukizungumzwa kama nguvu kazi ya nyumba hii leo na ya nyumba nyingine kesho. Saa mbili kwa wiki ambazo nguvu yake haipimwi kwa faida ya mtu mwingine yeyote ni haki anayostahili, na ni haki ambayo wavulana huipata tayari kila jioni kwenye kiwanja cha mpira.

Wapo pia watakaosema haya ni mambo ya wageni. Mpira wa miguu nao ulikuja na wageni, na leo Shinyanga imeshaipeleka Stand United hadi Ligi Kuu na Geita imeipeleka timu yake. Lakini jibu la nguvu zaidi liko kwenye ngoma za Wasukuma wenyewe. Katika Bugobogobo, ngoma iliyozaliwa kwenye kilimo cha pamoja, wachezaji hurusha majembe, huyazungusha na kuyadaka kwa mapigo ya ngoma. Vyama vya Bagika na Bagalu vimeshindana vizazi kwa vizazi baada ya mavuno, kila upande ukibuni mitindo mipya ya kuwavuta watazamaji kutoka upande wa pili, na mashindano hayo bado huonekana kwenye sikukuu ya Bulabo kule Bujora kila mwaka. Ubunifu wa mwili na chombo mkononi si jambo geni huku. Mwalimu mwerevu ataanza kipindi kwa kupasha mwili moto kwa ngoma ambayo watoto wanaijua, kisha atawapeleka kwenye pete.

Linabaki la fedha, na ni la haki katika wilaya ambayo bado ina uhaba wa madarasa, matundu ya vyoo na walimu wa hisabati. Kama uamuzi ni pete au choo, choo kijengwe. Mara nyingi, hata hivyo, uamuzi hauji hivyo. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni aandae mpango wa kila mwaka wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika, na fedha hizo zinaweza kwenda kwenye vifaa vya mafunzo vinavyodumu miaka mingi. Fremu moja, pete mbili na magodoro vitatumiwa na makundi mengi ya wanafunzi kabla ya kuchakaa. Gharama ngumu ni mwalimu, nayo haikwepeki. Wahitimu wa sarakasi wapo, na wengi wao hutegemea maonyesho ya hoteli na safari za nje. Mkataba wa mwaka mmoja kwa mhitimu mmoja, akiambatana na walimu wawili wa shule wanaojifunza kwake ili wabaki na ujuzi huo akiondoka, ni jambo ambalo halmashauri yenye nia inaweza kulibeba. Na kwa kuwa pete mbili haziwezi kutosha darasa la watoto 80, ianze kama klabu ya baada ya masomo, wanafunzi 16 kwa kipindi, katika makundi ya wanne yanayopokezana pete: mmoja kwenye pete, mmoja akimlinda pamoja na mwalimu, mmoja akihesabu sekunde, mmoja akifanya mazoezi ya sakafuni.

Basi ombi langu kwa Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga ni la kiasi. Ichague shule moja ya sekondari, na Samuye ni mahali pazuri kwa sababu hapana mgodi mkubwa wala jina kubwa. Kitakachofanikiwa hapo kitawezekana kwingine. Iombe TaSUBa iandae mwongozo mfupi wa hatua za mwaka wa kwanza, ulioandikwa kwa Kiswahili, wenye picha, unaoweza kutumiwa na mwalimu ambaye hajawahi kupanda pete. Mwaka ukiisha, mafanikio yasipimwe kwa onyesho mbele ya mgeni rasmi, kwa maana onyesho litamlazimisha mwalimu apandishe pete juu kabla ya wakati na kuwaacha nyuma walio dhaifu. Yapimwe kwa maswali manne. Ni wanafunzi wangapi waliokuwa hawawezi kuning'inia kwa sekunde 10 na sasa wanaweza 30? Ni wangapi wanaoweza kushuka wenyewe kutoka kila mkao walioujifunza? Kati ya wasichana walioanza Januari, wangapi walikuwepo Novemba? Na katika daftari la ukaguzi, kuna ukurasa uliokosa saini? Majibu yakiwa mabaya, mradi ufungwe na pete zihifadhiwe. Yakiwa mazuri, hakutakuwa na sababu ya kuendelea kutumia pushapu kama fimbo katika shule yoyote ya wilaya hii.